Fedha Nyeusi, Fedha Nyeupe

Ndugu msikilizaji, na wewe ndugu msomaji unayeyapata mazungumzo haya gazetini, juma hili naomba tuzungumzie kosa nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwa majivu ya jikoni na nusu ya ndimu.

Ilikuwa mwaka 1999. Nilikuwa nimemaliza shule na nimepata nafasi ya kusomea uandishi wa habari, lakini ada haikuwepo. Shangazi yangu wa Pangani, aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, aliniita chumbani kwake, akafungua kasha lake la mbao na kutoa fundo la kanga kuukuu. Ndani yake mlikuwa na sarafu tatu kubwa, nzito, nyeusi kama sufuria iliyokaa motoni. Aliachiwa na mama yake, naye aliachiwa na mama yake.

"Hizi ni reale, baba," akaniambia. "Zichukue, twende Tanga kwa sonara. Zitakusomesha."

Mimi kwa ujana wangu nikaona aibu kumpelekea mtu mali nyeusi namna ile. Usiku, shangazi alipolala, nikakaa uani na majivu na ndimu. Nilisugua mpaka vidole vikauma. Asubuhi zilikuwa zinameta kama kijiko kipya. Shangazi alipoziona hakusema neno, alizifunga tu tena kwenye kanga.

Sonara yule alikuwa mzee, na kwa bahati yetu alikuwa mkweli. Mbili alizitazama mara moja, akaziweka kwenye mizani. Ya tatu aliishika kwa ncha za vidole, akaisogeza dirishani, akaigeuza upande wa pili, kisha akaniuliza taratibu, "Kijana, hii umeisugua?" Nikajibu kwa fahari kwamba ndiyo, nimeisafisha. Akatikisa kichwa. "Ulichokitoa si uchafu. Ungeniletea kama ilivyokuwa, nisingeipima kwa mizani hii."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza alikuwa na maana gani. Majibu niliyoyapata ndiyo ninayotaka kukupa leo, maana najua makasha ya namna ile yako mengi katika nyumba zetu, na vijana wenye ndimu mkononi hawajaisha.

Tuanze na zile sarafu mbili za kwanza. Upande mmoja zilikuwa na sura ya mwanamke mnene aliyejitanda ushungi, na upande wa pili tai mwenye vichwa viwili. Huyo mwanamke ni Maria Theresa, aliyetawala Austria na nchi zake tangu mwaka 1740 hadi alipofariki mwaka 1780. Ule ushungi ni wa ujane, kwa kuwa mumewe alifariki mwaka 1765. Sarafu yake iliitwa thaler, jina lililotokana na mji wa Joachimsthal huko Bohemia, ambako katika karne ya 16 fedha nyingi ilichimbwa na kufuliwa kuwa sarafu. Neno hilo hilo la thaler, likipita midomo ya Waholanzi na Waingereza, ndilo lililozaa neno dola. Kwa hiyo unapotaja dola ya Marekani, unataja mji wa machimbo ulioko katika nchi inayoitwa leo Cheki.

Jambo la ajabu katika sarafu hii ni mwaka wake. Ukiiangalia utaona imeandikwa 1780, mwaka aliofariki yule malkia. Lakini haikuacha kutengenezwa alipofariki. Iliendelea kugongwa Vienna, Prague, Milan, Venice na kwingineko, na kila iliyotoka ilibeba mwaka ule ule wa 1780. Kwa nini? Kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uarabuni, Uhabeshi na pwani yetu walikwisha kuizoea, na walikataa nyingine. Walitaka sura ile ile, ushungi ule ule na uzito ule ule wa gramu 28 na kidogo, ambao kati ya sehemu 6 sehemu 5 ni fedha halisi. Austria yenyewe iliacha kuitumia kama sarafu ya nchi mwaka 1858, lakini ikaendelea kuitengeneza kwa ajili ya watu wa mbali. Jumla yake ni mamia ya mamilioni.

Hapa kwetu iliitwa reale ya Sham. Iliikuta reale nyingine, ile ya Wahispania, ambayo ilikuwa na picha ya nguzo mbili. Wazee wetu hawakuona nguzo, waliona mizinga, nao wakaiita reale ya mzinga. Na neno reale lenyewe limetoka kwa hao hao Wareno na Wahispania. Unaona basi, ndugu msomaji, jinsi lugha yetu inavyoweka kumbukumbu ambazo watu wameshazisahau. Hata neno fedha, ambalo kila mwisho wa mwezi tunalitafuta mfukoni, maana yake ya kwanza ni ile madini nyeupe. Kwa babu zetu hapakuwa na tofauti kati ya pesa na kitu chenyewe.

Kwa reale hizo zilinunuliwa karafuu za Unguja na Pemba, pembe za ndovu kutoka bara na nguo za merikani zilizoletwa na meli za Salem, hasa baada ya Marekani kutiliana mkataba na Sultani Said mwaka 1833. Na tusifiche: kwa reale hizo hizo walinunuliwa watu, mpaka soko la watumwa la Unguja lilipofungwa mwaka 1873. Anayeishika sarafu hii leo na kuona uzuri tu ameisoma nusu.

Sasa swali. Mkulima wa karafuu, au mama wa Pangani, alijuaje kwamba reale aliyopewa si ya bandia? Hapakuwa na benki ya kuuliza wala karatasi ya serikali ya kuthibitisha. Alitazama sarafu yenyewe. Wanunuzi wa siku zile walihesabu lulu za taji na za kile kifungo cha begani. Walipapasa ukingo, kwa kuwa ukingo wa reale hii una maandishi ya Kilatini yaliyochomoza, yenye maana ya haki na huruma. Maandishi yale hayakuwekwa kwa pambo. Zamani zile watu walikuwa na tabia ya kukereza fedha kidogo pembeni mwa sarafu na kuitumia kama kamili. Aliyekereza reale alikuwa lazima aharibu maandishi, na kidole cha mnunuzi kingemkamata. Kisha waliipima, wakaidondosha juu ya jiwe, wakaisikiliza sauti.

Imani hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba majeshi yaliihitaji. Waingereza walipokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Uhabeshi mwaka 1867 na 1868, waliagiza mamilioni ya reale hizi kutoka Vienna, maana huko hakuna aliyetaka fedha nyingine kwa ngamia, nyumbu wala nafaka. Mwaka 1935 Mussolini, akijiandaa kuivamia nchi hiyo hiyo, alipata kutoka Austria vyuma vya kugongea, akaanza kuzitengeneza Roma. Waingereza nao wakaanza kuzigonga London mwaka uliofuata, na baadaye Bombay. Hebu fikiri: serikali za karne ya 20, zenye benki kuu na mitambo, zinatengeneza sarafu yenye sura ya mwanamke aliyekufa miaka 150 nyuma na mwaka usio wa kweli, kwa kuwa ndiyo pekee iliyoaminiwa sokoni.

Hapo sasa ndipo inapoingia ile sarafu ya tatu ya shangazi yangu. Haikuwa na sura ya mtu. Pande zote mbili ilikuwa na maandishi ya Kiarabu, na shangazi, aliyesoma chuoni utotoni, aliweza kulisoma jina: Barghash bin Said. Mwaka ulikuwa 1299 wa Hijra, yaani karibu na 1882.

Sultani Barghash alitaka nchi yake iwe na fedha yake. Ni jambo la haki na la heshima kwa mtawala yeyote. Akatoa pesa za shaba, zenye picha ya mizani, nazo zilienea pwani yote hata wajukuu wakaziokota mashambani. Akatoa na reale ya fedha, ya ukubwa kama wa ile ya Maria Theresa. Lakini reale yake haikushika. Watu waliendelea kuitafuta ya yule bibi wa ushungi. Fedha ya Sultani ilikuwa fedha safi, lakini ilikuwa ngeni, na mgeni haaminiwi sokoni siku ya kwanza. Kwa kuwa hazikuenea, leo reale za Barghash ni adimu, hali ya Maria Theresa, hata ikiwa imekaa kwenye kasha vizazi vitatu, mara nyingi thamani yake haizidi sana ile fedha iliyomo. Kijana mimi nilizisugua zote tatu kwa nguvu zile zile, bila kujua ipi ni ipi.

Ndugu msomaji, pengine unasema mambo haya ni ya wazee wa pwani wasio na elimu ya sarafu. La hasha. Twende Marekani, nchi iliyolirithi jina la thaler, tuone wenyewe walifanya nini na dola zao za fedha.

Katika jimbo la Nevada yaligunduliwa machimbo makubwa ya fedha mwaka 1859. Serikali ikajenga kiwanda cha sarafu katika mji wa Carson City, kilichoanza kugonga mwaka 1870 na kuweka herufi CC katika kila sarafu yake. Mwaka 1878 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuilazimisha Hazina kununua fedha nyingi kila mwezi na kuifanya dola. Dola hizo zilichorwa na Mwingereza George Morgan, nazo hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Zina uzito wa gramu 26.73, na kati ya sehemu 10 sehemu 9 ni fedha.

Tatizo ni kwamba wananchi wengi hawakuzitaka. Zilikuwa nzito mfukoni, karatasi ilikuwa nyepesi. Zikafungwa katika magunia, 1,000 kila gunia, zikarundikwa katika vyumba vya Hazina. Mwaka 1918 sheria nyingine iliruhusu ziyeyushwe, na dola zaidi ya milioni 270 ziliyeyuka. Sehemu kubwa ya fedha hiyo waliuziwa Waingereza kwa ajili ya rupia za India, ambako watu walikuwa wakidai fedha badala ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Rupia hizo za India ndizo zilizokuwa zikitumika wakati ule Mombasa na Nairobi.

Zilizosalia zilikaa gizani mpaka miaka ya 1960. Bei ya fedha ilipopanda, watu walipanga foleni Hazina wakiwa na noti zao ili wapewe dola za fedha, na mwezi Machi 1964 Hazina ikafunga mlango. Walipohesabu, zilibaki karibu milioni 3, na nyingi zilikuwa za Carson City, zile zile zilizokuwa adimu mitaani. Serikali ikaamua kuziuza kwa posta, kazi iliyoanza mwaka 1972 na kumalizika mwaka 1980. Dola moja ikauzwa kwa dola 30, na nyingine zaidi.

Na namna zilivyofungashwa ndilo fundisho lenyewe. Kila sarafu iliwekwa katika kibweta cha plastiki ngumu, kikatiwa katika sanduku pamoja na kikaratasi cha maelezo. Juu ya plastiki iliandikwa kwamba hii ni dola ya fedha ya Carson City ambayo haijatumika. Lakini waliozichambua walizitenga zile zilizokuwa na mikwaruzo, au zilizobadilika rangi na kuwa za kahawia, za samawati au nyeusi. Hizo nazo walizifunga, lakini katika vibweta vyao neno la kutotumika halikuandikwa. Kwa macho ya wachambuzi wale, weusi ulikuwa dosari. Kumbe sarafu nyingi kati ya hizo hazikuwahi kutumika hata siku moja. Zilibadilika rangi kwa sababu ya gunia na miaka. Leo wakusanyaji huzitafuta, na nyingine hununuliwa kwa bei kubwa kuliko zile nyeupe.

Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu. Wachambuzi wa serikali kubwa kama ile walidhani nilichodhani mimi uani kwa shangazi: kwamba fedha nzuri ni ile nyeupe. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na ndimu.

Ukweli ni huu. Fedha ikikaa katika hewa, polepole hushikana na salfa iliyomo humo na kupata utando mwembamba. Utando huo hausemi kwamba sarafu imechakaa. Husema tu kwamba imekaa. Uchakavu ni kitu kingine, nao hutafutwa mahali pengine. Kwenye dola ya Morgan huonekana kwanza juu ya nywele zilizo karibu na sikio la yule mwanamke, na kifuani mwa tai. Hizo ndizo sehemu zilizoinuka, ndizo zinazoguswa kwanza na vidole na mifuko. Kwenye reale ya Sham tazama ushungi, lulu na manyoya ya kifua cha tai. Kama mistari midogo ya hapo ingali inaonekana, sarafu haijasafiri sana, hata ikiwa nyeusi kama mkaa. Kama hapo ni laini kama kokoto ya pwani, imetumika, hata ikiwa inameta.

Ukisugua kwa majivu, mchanga, dawa ya meno au soda, unaacha mikwaruzo midogo sana inayokwenda upande mmoja. Jicho la kawaida haliioni, lakini mnunuzi mwenye kioo cha kukuzia, akiigeuza chini ya taa, huiona mara moja. Mikwaruzo hiyo haiponi. Utando ulioondolewa huweza kurudi baada ya miaka, lakini mistari ya majivu itabaki chini yake.

Wamarekani hawakuishia kwenye vibweta vya serikali. Mwaka 1949 bwana mmoja, William Sheldon, alitoa kipimo cha alama 1 hadi 70 kwa ajili ya senti za kale za shaba, kwa hoja kwamba sarafu ya alama 70 ingekuwa na thamani mara 70 ya ile ya alama 1. Kipimo hicho baadaye kilitumika kwa sarafu zote. Kisha kampuni kama PCGS, iliyoanza kazi mwaka 1986, na NGC ya mwaka 1987, zikaanza kupokea sarafu za watu, kuzikagua, kuzipa alama na kuzifunga ndani ya plastiki yenye namba. Mnunuzi akawa hahitaji tena kuhesabu lulu. Anasoma kikaratasi.

Je, hayo ni maendeleo? Kwa sehemu ni kweli. Aliye mbali, asiyejua sarafu, amepata wa kumsaidia. Lakini walaghai nao hawalali. Zamani walighushi sarafu, leo wanaghushi na plastiki yake na kikaratasi chake na namba yake. Kwa hiyo wajuzi wana usemi kwamba nunua sarafu, usinunue kifungashio. Sanduku ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Je, namba yake inalingana na kumbukumbu za kampuni? Je, plastiki ina dalili ya kufunguliwa pembeni? Je, picha ya sarafu katika kumbukumbu hizo, kama ipo, ni ya hii unayoiona? Na baada ya yote hayo, rudi kwa njia ya bibi zetu: pima uzito, tazama ukingo, tumia macho. Sumaku ikiinasa, si fedha.

Kwa wewe uliye na reale nyumbani, yangu ni haya machache. Usiioshe. Ishike pembeni, si usoni, maana jasho la kidole huacha alama yake. Usiitie katika mfuko wa plastiki laini wenye harufu kali, kwani plastiki ya namna hiyo hutoa kitu cha kijani kinachonata na kula chuma. Karatasi kavu isiyo na dawa, au kibweta kigumu, vinatosha. Hata lile fundo la kanga kavu, lililotunza reale zetu miaka yote ile, liliwashinda wengi. Andika pembeni nani alimwachia nani, na lini, kwa kuwa hilo hakuna kampuni itakayokuandikia. Na kabla ya kumpelekea sonara wa kuyeyusha, mtafute kwanza anayejua kusoma kilichoandikwa juu yake. Wingi wa reale zilizokuwa pwani hii zilikwisha kuwa bangili, mitali na vipini, na huo nao ni urithi, sina ugomvi nao. Lakini kuyeyusha bila kujua unachoyeyusha ni jambo jingine.

Siku ile Tanga, shangazi aliuza zile mbili za Maria Theresa kwa uzito. Ya tatu sonara hakutaka kuinunua. "Nikiipima kwa mizani nitakudhulumu," alisema, "na kwa hali hii hakuna atakayekupa haki yake. Kaa nayo." Pesa tuliyopata haikutosha ada. Nilisubiri mwaka mmoja zaidi, nikiuza mitumba sokoni, ndipo nikaingia chuoni. Shangazi hakunilaumu hata siku moja. Alichosema, tulipokuwa ndani ya basi tukirudi Pangani, ni hiki: "Mama yangu aliitunza miaka hamsini, baba, na weusi wake ule ndio uliokuwa miaka hamsini yenyewe."

Alifariki mwaka 2011. Reale ya Barghash ninayo mimi, katika fundo la kanga. Imeanza kuwa nyeusi tena, taratibu, kuanzia ukingoni. Naiangalia mara moja kwa mwaka, kisha nairudisha.

Ndugu msikilizaji na ndugu msomaji, tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.